Meza ya Mussolini: mwajiri alikuja mwenyewe, mfanyakazi aliletwa

Mussolini, dikteta wa Italia aliyeasisi ufashisti, hakuyasema maneno yale. Unayajua, maana kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia huanza kuzunguka upya, yameandikwa juu ya picha ya bwana mwenye taya pana, na siku hizi hufika hata kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Eti ufashisti ungestahili kuitwa ukorporatisti, kwa kuwa ni ndoa ya nguvu za dola na nguvu za makampuni. Wanaoyasambaza husema yametoka katika ensaiklopidia ya Italia ya mwaka 1932. Makala kuhusu ufashisti imo kweli katika ensaiklopidia hiyo, imewekewa jina la Mussolini, na sehemu yake ya kwanza iliandikwa na mwanafalsafa Giovanni Gentile. Sentensi hiyo haimo.

Ningeiacha ipite kama uzushi mwingine wowote, ila imejengwa juu ya mkanganyiko wa neno, na mkanganyiko huo unaficha jambo lenyewe. Waitaliano walisema *corporazione*. Kwa Mmarekani wa leo, neno la kwao linalofanana na hilo, *corporation*, ni kampuni kubwa yenye hisa na wakurugenzi. Kwa Mwitaliano wa miaka ya 1920 lilikuwa na harufu ya zamani sana: vyama vya mafundi wa zama za kati, chama cha wafumaji wa Florence, chama cha waashi, ambamo bwana, fundi na mwanagenzi walikaa ndani ya chombo kimoja kilichopanga bei, ubora wa kazi na nani aruhusiwe kufungua karakana. Korporazioni, basi, si kampuni. Ni chombo kinachowaweka mwajiri na mwajiriwa wa fani moja chini ya paa moja, kwa imani kwamba fani inawaunganisha kuliko mshahara unavyowatenganisha.

Kiswahili kingetusaidia hapa kama tungekitumia. Sisi husema "chama" kwa mambo mengi: chama cha wafanyakazi, chama cha ushirika, chama cha siasa, hata chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Ufashisti ulikuwa mradi wa kuvifanya vyama vyote hivyo viwe chama kimoja, na ukorporatisti ndio uliokuwa mchoro wa nyumba hiyo. Tatizo la mchoro ni kwamba haukuonyesha nani amepewa ufunguo.

Mganda wa fimbo

Neno *fascio* lenyewe maana yake ni mganda, fimbo zilizofungwa pamoja. Roma ya kale maofisa walitanguliwa na wabeba mganda wa namna hiyo wenye shoka ndani yake, alama ya mamlaka ya kuchapa na kukata kichwa. Lakini kabla Mussolini hajalichukua, neno hilo lilikuwa la watu wa chini. Katika miaka ya 1890 wakulima wa Sicily walijiunga katika vikundi vilivyoitwa kwa jina hilohilo, chini ya viongozi wa kisoshalisti, wakadai ardhi na mikataba ya haki, mpaka serikali ikawavunja kwa jeshi mwaka 1894.

Mussolini aliunda vikundi vyake Milan tarehe 23 Machi 1919. Alikuwa msoshalisti aliyefukuzwa chamani kwa kuunga mkono vita, na programu yake ya mwaka huo ingemshangaza anayemjua kwa sifa zake za baadaye: siku ya kazi ya saa nane, mshahara wa chini, kura kwa wanawake, kodi nzito kwa faida za vita. Novemba akaingia kwenye uchaguzi. Hakupata hata kiti kimoja.

Kilichomfufua hakikuwa nadharia. Katika nyanda za mto Po, sehemu za Ferrara, Bologna na Cremona, vibarua wa mashamba walikuwa wamejijengea nguvu ambayo kibarua wa leo angeiona ndoto. Vyama vyao ndivyo vilivyogawa kazi: mwenye shamba hakuchagua mtu, alipelekewa. Tena alibanwa kuajiri idadi maalumu ya watu kwa kila hekta, hata miezi ya baridi ambayo shamba halina kazi nyingi. Septemba 1920 wafanyakazi wa viwanda vya chuma huko kaskazini nao wakavikalia viwanda na kupandisha bendera nyekundu. Waziri mkuu Giolitti hakupeleka askari. Alingoja moto uzimike wenyewe, na kweli ulizimika. Lakini wenye viwanda na wenye mashamba hawakusahau kwamba waliita dola na dola haikuja.

Kuanzia vuli ya mwaka huo wakapata wa kuwaitikia. Vikosi vya wafashisti, waliojulikana kama mashati meusi kwa vazi lao, vilipanda malori usiku, gharama zikitoka kwa wenye mashamba, polisi wakigeukia upande mwingine. Walichoma ofisi za vyama, magazeti na maduka ya ushirika. Walipiga kwa marungu. Walimshika kiongozi wa vibarua, wakamnywesha mafuta ya mbarika kwa nguvu, wakamwacha ajichafue mbele ya watu wake. Pale Ferrara aliyeongoza haya alikuwa Italo Balbo, kijana ambaye hajafikisha hata miaka 26.

Halafu likafuata jambo ambalo ndilo kiini cha habari hii. Baada ya chama cha vibarua kuchomwa, wafashisti walifungua chama kingine cha vibarua. Chao. Mwenye shamba sasa alichukua watu kutoka huko tu, kwa hiyo aliyetaka kula alijiandikisha. Vyama vya kifashisti vikajaa wanachama kwa maelfu, na wasemaji wao wakaanza kusema kwamba vita vya matabaka vimekwisha, kwamba mwajiri na mfanyakazi wamepatana. Ukorporatisti wa kifashisti ulizaliwa hivyo, bondeni, rungu likitangulia na kadi ya uanachama ikifuata. Vitabu vilikuja kueleza jambo lililokwisha kutendeka.

Mawazo yalitoka wapi

Si kwamba mawazo hayakuwapo. Mapinduzi ya Ufaransa yalipovifuta vyama vya mafundi mwaka 1791, wapo waliosikitika karne nzima, hasa Wakatoliki waliomwona mfanyakazi wa kiwandani kama mtu aliyeachwa uchi sokoni. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, alitamani vyombo vya kuwapatanisha matajiri na maskini. Upande wa kushoto nako kulikuwa na wasindikalisti, watu walioamini kwamba jamii ijayo itaendeshwa na vyama vya wafanyakazi badala ya bunge. Mmoja wao, Alceste De Ambris, aliandika rasimu ya katiba ya mji wa Fiume (leo Rijeka, Kroatia) mwaka 1920, wakati mshairi Gabriele D'Annunzio alipokuwa ameushika kwa nguvu, na humo akapanga raia wote katika korporazioni kumi. Ya kumi haikupewa kazi wala jina. Hapo ndipo mkono wa mshairi ulipoonekana.

Lakini mizizi iliyozaa matunda ilikuwa ya tatu, ya wazalendo wakali, na inafaa tukae nayo kidogo kwa sababu inatuhusu kuliko hizo mbili. Karibu mwaka 1910 mwandishi Enrico Corradini alianza kusema kwamba Italia ni "taifa la makabwela". Alichukua hesabu ya Wasoshalisti akaigeuza. Wao walisema tajiri anamnyonya maskini ndani ya kila nchi. Yeye akasema nchi tajiri, Uingereza na Ufaransa, zinainyonya nchi maskini, Italia, inayolazimika kuwapeleka wanawe ughaibuni kubeba mizigo ya wengine. Kwa hiyo mapambano ya haki si ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake. Ni ya taifa dhidi ya mataifa, na zawadi yake ni makoloni.

Ukishalikubali hilo, mengine yanafuata kama maji mteremkoni. Mgomo unakuwa sawa na askari kuacha bunduki vitani. Bunge linakuwa kelele. Chama huru cha wafanyakazi kinakuwa jeshi ndani ya jeshi. Mwanasheria Alfredo Rocco, mzalendo wa kundi hilohilo ambalo lilijiunga na wafashisti mwaka 1923, ndiye aliyeyatafsiri mawazo haya kuwa vifungu vya sheria alipokuwa waziri wa sheria. Mussolini aliyafupisha katika hotuba ya Milan mwaka 1925: yote ndani ya dola, hakuna kitu nje ya dola, hakuna kitu dhidi ya dola. Maneno hayo aliyasema kweli, na ukitaka ya kuweka juu ya picha yake, weka hayo.

Chumba cha Palazzo Vidoni

Tumefika mbele kidogo. Mussolini aliitwa kuunda serikali mwishoni mwa Oktoba 1922, baada ya mfalme kukataa kutia sahihi amri ya kuwazuia mashati meusi waliokuwa wakielekea Roma. Yeye mwenyewe alifika kwa treni ya kulala. Miaka mitatu ya kwanza, mambo ya uchumi yaliendeshwa na waziri wa fedha Alberto De Stefani kwa namna ambayo mfanyabiashara yeyote wa London angeipenda: simu zikauzwa kwa makampuni binafsi, ukiritimba wa serikali kwenye bima ya maisha ukaondolewa, matumizi yakakatwa. Aliyezoea kusikia kwamba ufashisti ni serikali kumeza uchumi tangu siku ya kwanza atapata taabu na miaka hiyo.

Tarehe 2 Oktoba 1925, katika jumba la Palazzo Vidoni mjini Roma, makao ya chama cha kifashisti wakati huo, pande mbili zilitia sahihi. Upande mmoja Confindustria, shirikisho la wenye viwanda. Upande wa pili shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya kifashisti. Wakatambuana: sisi ni wasemaji pekee wa waajiri, ninyi ni wasemaji pekee wa wafanyakazi. Na katika makubaliano hayohayo kamati za ndani za viwanda, zile ambazo wafanyakazi walizichagua wenyewe kwa kura zao, zikafutwa.

Tazama vizuri nani yuko mezani. Confindustria ilianzishwa mwaka 1910, miaka tisa kabla ya ufashisti, na waliokuja kutia sahihi walikuwa wenye viwanda halisi, wametumwa na wenzao. Iliongeza baadaye neno "kifashisti" kwenye jina lake, viongozi wakabaki walewale. Walioketi upande wa wafanyakazi hawakutumwa na mfanyakazi yeyote. Mwajiri alikuja kwa miguu yake. Mfanyakazi aliletwa, na hakuwa yeye.

Sheria ya Rocco ya tarehe 3 Aprili 1926 ikaweka muhuri. Kila fani chama kimoja tu kitakachotambuliwa na serikali. Chama kikiwa na sehemu moja ya kumi ya wafanyakazi wa fani, kinatosha kuwasemea wote, kutia sahihi mkataba unaowafunga wote na kukusanya ada kwa wote, hata wasio wanachama. Viongozi wake ni lazima wakubaliwe kutoka juu. Mgomo ukawa jinai. Kufunga milango ya kiwanda ili kuwabana wafanyakazi nako kukawa jinai, na mizani hii ilisifiwa sana nje ya nchi, kana kwamba mwenye kiwanda hana silaha nyingine ila kufuli. Migogoro ikapelekwa kwenye mahakama maalumu ya kazi.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Aprili, siku ambayo kwa mapokeo ni ya kuzaliwa kwa Roma, ikatangazwa Hati ya Kazi yenye vifungu 30. Tarehe hiyo ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya Mei Mosi, ambayo ilifutwa. Hati hiyo inasema kazi ni wajibu wa kijamii, inazungumzia likizo, bima na malipo ya kazi ya usiku. Inasema pia, bila kificho, kwamba juhudi binafsi ndicho chombo chenye manufaa zaidi kwa taifa katika uzalishaji, na kwamba serikali itaingia tu pale juhudi hiyo inapokosekana, inapopungua, au maslahi ya kisiasa ya dola yanapohitaji. Mwenye kiwanda akisoma hati hiyo jioni angelala usingizi mzuri.

Mtihani ulikuja mapema. Agosti 1926 Mussolini aliapa kuilinda lira. Wakati ule pauni moja ilibadilishwa kwa zaidi ya lira 150; yeye aliitaka 90, kwa fahari tu, maana hicho ndicho kiwango cha alipoingia madarakani. Kufikia Desemba 1927 lira ilifungwa kwenye dhahabu kwa takriban 92. Bidhaa za Italia zikawa ghali nje, viwanda vikalia. Nani alipe? Mwaka 1927 mishahara ilikatwa kwa kati ya asilimia 10 na 20. Ikakatwa tena 1930. Ikakatwa tena 1934. Vyama vya kifashisti vilitia sahihi kila mara. Serikali iliamuru bei na kodi za nyumba zishuke pia, na zilishuka, ila bei haishuki kwa amri upesi kama mshahara.

Lazima niwe mkweli: si kila kitu kilikuwa ukandamizaji. Mikataba ya pamoja ilienea hadi kwenye fani ambazo hazikuwahi kuwa nayo. Mwaka 1934 posho za familia zilianza pamoja na wiki ya saa 40, ingawa shabaha ya saa hizo ilikuwa kugawana kazi chache zilizopo, na mshahara ulipungua pamoja nazo. Mwaka 1937 makarani wa viwandani walipata mshahara wa ziada, wa kumi na tatu kwa mwaka, wakati wa Krismasi. Wazee wengi wa Italia waliyakumbuka haya, na hawakuwa wajinga. Walipewa. Walichonyang'anywa ni uwezo wa kudai.

Wizara ya kitu kisichokuwepo

Hapa kuna kichekesho cha kiofisi ambacho mtu aliyewahi kufanya kazi serikalini atakipenda. Wizara ya Korporazioni iliundwa mwaka 1926. Ilikuwa na waziri, makarani na mihuri. Korporazioni zenyewe, 22, zilikuja kuanzishwa kwa sheria ya Februari 1934. Kwa karibu miaka minane wizara ilisimamia vitu ambavyo karibu vyote havijazaliwa.

Zilipozaliwa zilipangwa kwa mnyororo wa uzalishaji: nafaka, mvinyo, mafuta ya zeituni, sukari, nguo, chuma, kemikali, karatasi, hata michezo ya jukwaani. Kila moja na wajumbe wa waajiri, wa wafanyakazi, wataalamu, na watu wa chama. Wageni walimiminika Roma kuitazama njia hii mpya, isiyo ubepari wala ukomunisti. Mwanahistoria Gaetano Salvemini, aliyekuwa uhamishoni na kufundisha Harvard, aliwaambia wasomi wa Marekani kwamba wanatazama maonyesho ya dirishani. Alipofuatilia maamuzi ya maana yanafanyika wapi, hakuyakuta humo.

Yalifanyika wapi? Mdororo wa dunia ulipozibana benki tatu kubwa zilizokuwa na hisa katika viwanda vingi vikubwa, Januari 1933 serikali iliunda taasisi ya kuokoa, IRI, ikazichukua benki na viwanda vyao: chuma, meli, simu, umeme. Kiongozi wake alikuwa Alberto Beneduce, aliyewahi kuwa waziri wa kazi kabla ya ufashisti, mtu wa hesabu aliyezungumza na Mussolini moja kwa moja. Korporazioni hazikuulizwa. Mwezi huohuo ikatoka sheria kwamba kujenga kiwanda kipya au kupanua cha zamani kunahitaji kibali, na makampuni makubwa yakagundua haraka kwamba kibali ni ukuta mzuri wa kuwazuia wadogo. Humo ndimo dola na mitaji mikubwa ilipokutana kweli, nje kabisa ya mfumo uliobeba jina la ukorporatisti. Kwa hiyo ile sentensi ya uongo ya WhatsApp inakaribia ukweli fulani, lakini inauita kwa jina la jirani yake.

Na wapo waliouamini mfumo. Edmondo Rossoni, mkuu wa vyama vya wafanyakazi vya kifashisti, aliyewahi kuwapanga wahamiaji wa Kiitaliano huko Marekani pamoja na wanamapinduzi, alitaka waajiri na wafanyakazi wawe kweli ndani ya chombo kimoja, chini yake. Confindustria ilikataa katakata. Novemba 1928 shirikisho la Rossoni likavunjwa vipandevipande, la waajiri likaachwa zima. Mwaka 1932, kwenye mkutano wa Ferrara, mwanafalsafa Ugo Spirito alipendekeza korporazioni zimiliki viwanda. Alitumia mantiki tu: kama umoja ni wa kweli, basi na mali iwe ya wote. Akaitwa Mbolsheviki ukumbini. Mipaka ya meza ilikuwa imeguswa.

Je, basi mabepari ndio waliotawala? Watu wa mrengo wa kushoto walisema hivyo kwa muda mrefu, na mimi sidhani inatosha. Wenye viwanda hawakutaka mradi wa lira 90. Hawakuulizwa kuhusu kuingia vitani 1940. Mussolini aliwakaripia hadharani alipojisikia. Lakini tofauti ipo kati ya kukaripiwa na kuvunjwa. Mwenye kiwanda alipoteza sauti katika siasa, akabaki na mamlaka yake kiwandani, tena yamekuzwa. Mfanyakazi alizipoteza zote mbili.

Mashamba ya ndizi

Taifa la makabwela lilikwenda kutafuta haki yake Afrika. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliingia Ethiopia kutokea Eritrea na Somalia. Mei 1936 yakaingia Addis Ababa. Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Ethiopia kwa niaba ya mfalme wa Italia, maelfu ya wakazi wa mji huo waliuawa kwa siku chache. Utulivu uliolazimishwa viwandani Torino ulikuwa maandalizi ya hayo. Si tafsiri yangu, ni hoja ya Corradini yenyewe ikikamilika.

Lakini mfano ninaoukumbuka zaidi uko kusini mwa Somalia. Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikuwa sehemu ya Kenya mpaka Waingereza walipoikabidhi kwa Italia mwaka 1925. Kandokando ya mto Juba waliishi, na wanaishi, watu wa Gosha, miongoni mwao Wazigua ambao mababu zao walivushwa bahari kama watumwa kutoka mwambao wa Tanganyika karne ya 19, na ambao wapo wanaozungumza Kizigua hadi leo. Watu hawa walikwisha kujikomboa na kujilimia. Katika miaka ya 1930 utawala wa kifashisti uliwachukua kwa nguvu vijijini kwenda kulima kwenye mashamba ya walowezi huko Janaale, karibu na mto Shabelle, katika mpango ambao wenyewe waliuita kolonya. Ndizi zilizovunwa zilinunuliwa na shirika la ukiritimba la serikali ya Italia, lililoanzishwa 1935, ili mlowezi asiumizwe na bei ya soko.

Hapo hapakuwa na Hati ya Kazi, mahakama ya kazi, wala korporazioni ya matunda ya kumsikiliza mtu wa Gosha. Falsafa iliyosema kazi inamfanya mtu kuwa sehemu ya taifa haikuwa na nafasi kwa mfanyakazi asiye wa taifa. Mlowezi alikuwa na serikali, bei na askari, na mlimaji hakuwa hata na chama bandia cha kulalamikia.

Je, kila chama kimoja ni ufashisti?

Hapana, na hapa ndipo ubishi wa vijiweni hupotea njia. Ufashisti na ukorporatisti hukutana, lakini si pacha. Ujerumani ya Hitler ilifanya Mei Mosi ya mwaka 1933 kuwa sikukuu ya taifa yenye malipo, na kesho yake, tarehe 2 Mei, ikazivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi na kuvifuta. Haikujisumbua kujenga korporazioni. Waajiri na wafanyakazi wakatiwa kwenye chombo kimoja cha chama tawala, basi. Ureno ya Salazar ikafanya kinyume: mwaka 1933 iliandika sheria ya kazi kwa kunakili ya Italia, ikauita mfumo wake wa korporazioni, ikauendesha hadi 1974, Msumbiji na Angola zikiwa chini yake, lakini Salazar hakupenda vurugu za mitaani na mwaka 1934 aliwapiga marufuku wafashisti wa kwao. Brazil ya Vargas ilichukua mengi kutoka Hati ya Kazi katika sheria zake za mwaka 1943, pamoja na ada ya lazima ya chama, na ada hiyo ilidumu mpaka 2017.

Sweden nayo, mwaka 1938, pale Saltsjöbaden, shirikisho la wafanyakazi na la waajiri walikaa mezani na kukubaliana jinsi ya kumaliza migogoro. Wanasayansi ya siasa huuita huo pia ukorporatisti. Tofauti ni kwamba wote wawili walikuja wenyewe, na kila mmoja angeweza kuinuka akaondoka.

Na kwetu? Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, Tanganyika ilivunja TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikawafunga baadhi ya viongozi wake, ikaunda NUTA, chama pekee cha wafanyakazi, kikiwa chini ya TANU. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye Michael Kamaliza akawa waziri wa kazi na katibu mkuu wa wafanyakazi kwa wakati mmoja. Ukisoma muundo huo kando ya sheria ya Rocco, kufanana kunaonekana bila miwani. Kuuita ufashisti ni kosa, hata hivyo. Hapakuwa na vikosi vya kuchoma ofisi usiku, vita vya kutafuta makoloni, wala ibada ya damu na taifa. Nyerere alikuwa na sababu za nchi changa yenye wasiwasi, na wafanyakazi wa mishahara walikuwa wachache mno kulinganisha na wakulima. Lakini mtu aliyekuwa na dai dhidi ya mwajiri wake, na mwajiri ni serikali, alikwenda kulipeleka kwa waziri wa serikali. Hilo linaruhusiwa kusemwa bila kumwita mtu fashisti.

Machi 1943

Tarehe 5 Machi 1943, kwenye kiwanda cha Fiat Mirafiori huko Torino, wafanyakazi walianza kusimamisha mashine. Walidai malipo ya kukabili ugumu wa maisha. Mabomu yalikuwa yakianguka, chakula kilikuwa kwa kadi. Mgomo ukaenea Torino nzima, kisha Milan. Ulikuwa umepigwa marufuku kwa miaka 17, na hakuna korporazioni hata moja kati ya zile 22 iliyojua la kufanya. Julai mfalme alimwondoa Mussolini. Agosti serikali mpya ikazifuta korporazioni.

Tarehe 2 Septemba 1943 pande mbili zilikutana tena Roma. Upande wa wafanyakazi alikuwapo Bruno Buozzi, kiongozi wa mafundi chuma wa enzi za kabla ya marufuku, aliyerudi kutoka miaka mingi ya uhamishoni na kifungo. Upande wa wenye viwanda alikuwapo bwana aliyeitwa Giuseppe Mazzini, jina moja na mwasisi wa taifa. Walichotia sahihi ni kurudisha kamati za ndani za viwanda, zilezile zilizofutwa Palazzo Vidoni, zichaguliwe kwa kura ya siri na wafanyakazi wote.

Siku sita baadaye zikatangazwa habari za kusalimu amri, na Wajerumani wakaikalia Roma. Buozzi alikamatwa Aprili 1944. Waliokuwa wakijificha waliendelea kujadili bila yeye jinsi ya kuunganisha vyama huru, vya kikomunisti, kisoshalisti na kikatoliki, kuwa shirikisho moja la hiari. Tarehe 4 Juni, majeshi ya Washirika yakiwa yanaingia mjini, Wajerumani waliokuwa wakikimbia walimpiga risasi Buozzi pamoja na wafungwa wengine kando ya barabara, sehemu inayoitwa La Storta. Mkataba wa shirikisho ulitiwa sahihi siku kadhaa baada ya hapo. Waliouandika waliuwekea tarehe 3 Juni, siku ambayo Buozzi alikuwa bado hai.